Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyeishinda Safari mara tatu

WAPENZI wa mbio za magari nchini Kenya humkumbuka marehemu Joginder Singh kwa ushindi wake wa mara tatu katika Safari Rally, miaka ya 1965, 1974 na 1976. Picha za enzi hizo humwonyesha kando ya gari lililotapakaa matope, kilemba kichwani, macho mekundu kwa kukesha. Kisichoonekana vyema katika picha hizo ni mikono yake. Kabla ya kuitwa bingwa, Joginder alikuwa fundi wa magari, na ni ufundi huo, zaidi ya kasi, uliomfikisha mwisho wa safari ambazo wengi waliokuwa na magari mazuri kuliko lake walizikatiza njiani.

Alizaliwa mjini Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Kisikh yenye asili ya Punjab. Masingasinga hawakuwa wageni katika nchi hii. Wengi wa mababu zao waliletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na baadhi yao walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Reli ilipokamilika, waliobaki walitawanyika katika miji midogo ya nyanda za juu wakafungua karakana na viwanda vya mbao. Kwa Wakenya wengi neno Kalasinga likawa na maana karibu sawa na fundi. Ilikuwa sifa, lakini pia ulikuwa mpaka. Katika koloni ambalo shule, hospitali na mitaa viligawanywa kwa rangi, Mwasia alitarajiwa kulitengeneza gari, na Mzungu ndiye aliyetarajiwa kulishindania kikombe.

Joginder alisoma Nairobi, kisha akaingia katika kazi ya magari akianzia chini, kwa kushika spana na kufuata maagizo ya waliomtangulia, babake akiwa miongoni mwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa askari wake wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanachama walioharibikiwa na magari njiani. Waliosimulia maisha yake huitaja kazi hiyo kwa haraka ili wafike kwenye vikombe, ilhali huenda hakuna shule iliyomfaa zaidi. Mtu anayelala na kuamka akikuta magari yaliyokwama hujifunza ni kitu gani huvunjika, huvunjikia wapi, na baada ya umbali gani. Hujifunza pia kutengeneza kwa kile kilichopo, kwa maana duka la vipuri haliko karibu.

Wakati huo mashindano ya Safari yalikuwa bado machanga. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilizunguka katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Barabara hazikufungwa, dereva alikutana na mabasi, malori ya kahawa, ng'ombe na watu waendao sokoni. Kila aliyechelewa kufika kituo cha ukaguzi alihesabiwa dakika za adhabu, na aliyekuwa na adhabu ndogo mwishoni ndiye mshindi. Umbali ulikaribia kilomita 5,000 kwa siku chache tu, usiku na mchana. Baadaye yalipopangwa wakati wa Pasaka, yaliangukia katika masika.

Anayezijua barabara za udongo zinazozunguka Mlima Elgon, kutoka Kitale kupitia Kimilili na Chwele hadi Lwakhakha kwenye mpaka wa Uganda, hahitaji kuelezwa maana ya mvua ya Aprili. Udongo ule mwekundu ukikauka ni vumbi linalopenya hata mahali pasipopenyeka. Ukilowa ni sabuni. Gari hupanda mlima kwa ubavu, magurudumu yakizunguka bila kushika. Hali ya namna hiyo ndiyo iliyoiumbua Safari mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1968, ambapo kati ya makumi ya magari yaliyoanza ni saba tu yaliyomaliza.

Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27. Hakushinda. Aliendelea kuingia mwaka baada ya mwaka, na jambo lililoanza kuonekana ni kwamba alikuwa na tabia ya kumaliza. Katika Safari zaidi ya ishirini alizoshiriki maishani, alizoshindwa kufika mwisho ni chache za kuhesabika.

Siri ya kumaliza ilikuwa karakanani, miezi mingi kabla ya bendera kupepewa. Gari litokalo kiwandani limeundwa kwa ajili ya mtu aendaye kazini kwa barabara ya lami. Kulifanya lihimili Safari ni kulijenga upya kwa mkono, na vipuri vingi vilivyohitajika havikuuzwa popote. Vilipaswa kukatwa, kukunjwa, kutobolewa na kuchomelewa na fundi mwenyewe.

Tuseme kwanza bamba la kukinga sampu. Sampu ya mafuta ndicho kiungo kinachoning'inia chini kabisa ya injini, na jiwe moja tu likiitoboa, oili humwagika na injini hufa baada ya dakika chache. Fundi hukata bamba la chuma nene, hulikunja pua yake ielekee juu ili gari litelezee juu ya jiwe badala ya kulichota, kisha hulifunga kwenye fremu. Kazi inaonekana rahisi hadi bamba lianze kazi. Vichwa vya bolti vikiachwa vimechomoza chini, mawe huvisaga hadi bamba lianguke. Kwa hiyo hufichwa ndani ya matundu yaliyochimbwa. Matope hujaa kati ya bamba na injini na kuzuia hewa, injini ikachemka. Kwa hiyo hutobolewa mashimo ya kutolea matope. Shimo jingine huachwa chini ya nati ya kumwagia oili, la sivyo kubadilisha oili usiku porini kutamaanisha kufungua bamba zima.

Kisha bamba lenyewe ni zito. Pua ya gari huinama, springi za mbele hulemewa, na fundi hulazimika kutia springi ngumu zaidi. Springi ngumu huzipa shokabsoba kazi kubwa. Shokabsoba zikipata joto, mafuta yake hupoteza nguvu na gari huanza kurukaruka kama mpira. Kwa sababu hiyo waliokuwa na ujuzi waliweka mbili katika kila gurudumu. Lakini mahali zinaposhikiliwa kwenye bodi palikusudiwa kubeba moja tu. Chuma hupasuka pale. Basi huchomelewa vipande vya pembetatu vya kuimarisha kona, na fundi asiyejua huishia kuchomelea mno, chuma kikawa kigumu na chenye kukatika ghafla badala ya kujikunja. Kila kipande kinachoongezwa huhamishia mzigo kwa jirani yake, na jirani naye hudai kipande chake. Hakuna kitabu cha kiwanda kinachoeleza mnyororo huo unaishia wapi. Fundi huujua kwa kulipeleka gari barabarani, kulivunja, kulirudisha na kuanza tena.

Yalikuwapo mengine madogo yaliyoamua mashindano. Bomba la petroli lililopita chini ya gari lilihamishwa likapitishwa ndani, mbali na mawe. Bomba la shaba lisilofungwa vizuri hutikisika hadi likakakamaa na kupasuka, kwa hiyo lilishikwa kwa vibanio kila baada ya kiganja kimoja. Koili ya pili ya moto na pampu ya pili ya petroli vilifungwa kando ya vile vya kwanza, ili chombo kikifa dereva ahamishe nyaya na kuendelea. Nyuma ya gari ziliwekwa mikono ya kushikia na kikanyagio juu ya bampa. Gari likikwama topeni, msaidizi wa dereva aliruka nje, akapanda pale nyuma, akalirukaruka ili uzito wake uyape magurudumu nafasi ya kushika ardhi, kisha akaning'inia hadi walipotoka. Mtu asiye na bahati alishuka akiwa amepakwa udongo kuanzia kope hadi viatu, akarudi kitini kusoma ramani.

Kazi ya aina hii haikuwa ya Afrika Mashariki peke yake. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Kalifornia walikuwa wakikata magari makuukuu nyumbani ili kuyashindanisha katika mbio za mstari mnyoofu za robo maili, yaani mita 402 tu. Wao waliondoa kila kitu kisichosukuma gari mbele: viti, milango, mudgadi, hata bodi yenyewe. Mmoja wao, Mickey Thompson, alijijengea gari lenye injini nne za Pontiac na mwaka 1960 akalipeleka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 650 kwa saa katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Thompson aliondoa na Joginder akaongeza, kwa kuwa gari la mmoja lilitakiwa kudumu sekunde chache na la mwingine siku nne. Ila msumeno, mtungi wa gesi na mashaka ya kipande kilichotengenezwa kwa mkono kabla hakijajaribiwa vilikuwa vilevile. Na fundi wa Lwakhakha anayeongeza jani la springi kwenye pikapu ya kubebea vitunguu anaufahamu usemi huo wa chuma bila kufika Kalifornia.

Mwaka 1965 Joginder, pamoja na nduguye Jaswant, waliingia na Volvo PV544. Lilikuwa gari la mgongo wa mviringo, lenye sura ya kizamani hata kwa siku zile, kwani umbo lake lilitokana na gari lililozinduliwa mwaka 1944. Zaidi ya hayo, lilikuwa limekwisha tumika. Lilikuwa gari la mashindano la Volvo lenyewe kabla ya ndugu hao kulipata. Mwenye kutafuta fahari asingelitamani. Fundi aliliona kwa jicho jingine. Injini yake ya lita 1.8 ilikuwa na kranki iliyoshikwa na beringi tano, wakati magari mengi ya ukubwa wake yalikuwa na tatu. Bodi ilikuwa ya chuma kizito na ekseli ya nyuma ilikuwa imara. Na gari lililokwisha kupigwapigwa lina faida moja: udhaifu wake umeshajitokeza, na anayelifungua hadi nati ya mwisho anajua pa kutilia nguvu.

Walipewa namba 1, wakatangulia kuondoka Nairobi. Ni nafasi yenye pande mbili. Anayetangulia hali vumbi la mtu, lakini barabara ikiwa na matope ndiye anayeyachimba kwanza, na hana alama za magurudumu ya mwenzake za kumwonya kwamba mto umefurika. Ndugu wale walikuwa wakishindana na magari yaliyokuja na misafara ya viwanda, yenye mafundi waliopangwa kila kituo na vipuri vipya vikiwangoja. Wao walikuwa na gari moja na walilijua. Lilipotimiza njia yote na kurejea mbele ya wengine, Joginder akawa dereva wa kwanza asiyekuwa Mzungu kuitwaa Safari.

Ushindi huo ulikuja wakati wa mashaka kwa jamii yake. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963 na kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Waasia waliozaliwa nchini lakini ambao wazazi wao hawakuzaliwa humu walikuwa wamepewa miaka miwili ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, na muda huo ulikuwa unakwisha Desemba ya mwaka huohuo wa 1965. Katika nyumba nyingi za Nairobi, Kisumu na Kitale lilizungumzwa swali la kubaki au kuondoka, na kufikia mapema mwaka 1968 ndege zilikuwa zikijaa familia zinazowahi Uingereza kabla ya sheria mpya ya uhamiaji kuwafungia mlango. Katika hali hiyo, picha ya mtu wa Kericho mwenye kilemba akipokewa na umati kama bingwa wa nchi haikuwa habari ya michezo pekee. Watoto walioshangilia kando ya barabara hawakumuuliza pasipoti. Walimwita Simba, na bila shaka wengi hawakujua kwamba neno Singh lenyewe maana yake ni simba. Magazeti ya ng'ambo yalimpa jina la Sikh Arukaye, jina linalosifu kasi na kusahau kazi.

Baada ya hapo ilifuata miaka tisa bila ushindi. Haikuwa miaka mitupu, kwani mwaka 1970 alimaliza wa pili akiwa na Datsun, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la kiwanda hichohicho. Hata hivyo Safari ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1973 iliingizwa katika ubingwa wa dunia, na viwanda vya Ulaya vikaleta magari yaliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano. Ilionekana kwamba enzi ya gari lililoandaliwa na mkono wa mwenyeji imepita.

Mwaka uliofuata Joginder aliingia na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo la Kijapani ambalo wachache nje ya Asia na Australia walilihesabu. David Doig alikuwa msaidizi wake. Joginder alikuwa na umri wa miaka 42. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi na Porsche 911, gari lililoishinda Lancer kwa nguvu bila ubishi. Lakini nguvu katika matope ni kama maji katika kikapu. Waldegård alimaliza wa pili, na Mitsubishi ikapata ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia kupitia kwa mtu wa Kericho.

Mwaka 1976 alirudi na Lancer na Doig kando yake. Safari hii Lancer zilishika nafasi zote tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa Uskoti wa tatu. Inafaa kukumbuka kwamba kuanzia mwaka 1974 hadi 1976 ubingwa wa dunia wa viwanda ulitwaliwa na Lancia, kwa msaada mkubwa wa gari lake la Stratos, chombo chepesi kilichoundwa kwa mashindano tu. Stratos ilishinda karibu kila mahali ilipokwenda. Safari haikuishinda kamwe.

Alikuwa sasa ameshinda mara tatu. Rekodi hiyo ilivukwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye aliongeza ushindi wa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, juu ya ule wake wa 1973. Kwa wanaopenda hesabu, Mehta ndiye mfalme wa Safari. Lakini Mehta alipata sehemu kubwa ya ushindi wake akiwa dereva wa Datsun aliyeungwa mkono na kiwanda, na huo ndio mtindo ulioendelea baadaye: dereva huendesha, wahandisi hutengeneza. Ushindi wa Joginder wa mwaka 1965, wa ndugu wawili na gari kuukuu walilolifungua na kulifunga wenyewe, haukurudiwa.

Katika miaka ya uzeeni Joginder aliishi Uingereza, ambako watu wengi wa kizazi chake walikuwa wamehamia kabla yake. Safari nayo iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikabaki mashindano ya kanda, hadi iliporejeshwa mwaka 2021 kwa njia fupi za kuzunguka Naivasha, zilizofungiwa magari mengine.

Hakuishi kuuona urejeo huo. Alifariki jijini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.